Broadcastify: kuskiza redio za polisi wa Marekani ukiwa Kisumu, na kwa nini siku hizi kuna kimya

Kama unataka jibu la haraka hili hapa: Broadcastify ni huduma ya kuskiza redio za polisi na zimamoto kwa intaneti, ni poa, rahisi, haimalizi bando, na kwa mtu anafanya kazi ya redio ama ya habari ni shule ya bure kabisa. Naipa nyota nne. Ile ya tano imekatwa na kitu ambacho wenye huduma hawana uwezo nacho, polisi wa miji mikubwa ya Marekani wanafunga redio zao mji baada ya mji, kwa hivyo unaeza fungua fidi, yaani sauti ya redio ya mji fulani, ulizoea ukapata kimya tu. Hiyo kimya ndio nataka niiongelee sana maana ata sisi huku ziwani inatuhusu, ingawa polisi wetu hatujawahi kuwaskiza.

Mimi nafanya kazi ya kontroli kwa kampuni moja ya ulinzi hapa Kisumu, sana sana shifti ya usiku. Alamu ikilia kwa boma ya mteja huko Milimani ama Riat mimi ndio naita gari iliyo karibu, naandika kwa OB (kitabu cha matukio), nafuatilia mpaka vijana waseme wamefika na wako salama. Najua sauti ya mtu anaongea akikimbia, najua vile tumbo hukaza gari ikishasema imefika alafu dakika mbili zinapita bila neno. Dada yangu mkubwa ni nesi Chicago, yeye ndiye alinitumia linki ya kwanza akijua vile napenda mambo ya redio, na tangu hiyo siku nimekuwa nikiskiza karibu kila wikendi.

Sasa huduma yenyewe. Broadcastify ni ndugu ya RadioReference, ile hifadhidata kubwa ya masafa ambayo wapenzi wa redio Marekani wamejaza wenyewe kwa miaka mingi. Mtu wa kujitolea ako kwake na skana, yaani redio ya kunasa masafa ya polisi na wengine, anaiunganisha na kompyuta, kompyuta inatuma sauti kwa intaneti, na wewe unafungua kwa brauza ya simu unaskiza. Hakuna siri hapo. Ata app nyingi za skana unaona Play Store zinachota fidi kutoka hukohuko. Ziko maelfu, polisi, zimamoto, ambulansi, reli, mpaka watu wa hali ya hewa wakati wa tufani. Kila fidi inakuonyesha watu wangapi wanaskiza saa hiyo na kuna orodha ya zile zinaongoza, na mimi nikitaka kujua kama kuna jambo kubwa mahali naanza na hiyo orodha kabla ya kuangalia habari.

Bure inakuja na matangazo kabla sauti ianze. Ukilipia unaondolewa matangazo na unafunguliwa hifadhi ya rekodi za nyuma, na wale wanaotuma fidi wanapewa hiyo ya kulipia bila kulipa, jambo naona ni la haki maana bila wao hakuna kitu. Kwa wale watauliza ya bando: fidi ya kawaida inatumwa kwa kilobiti 16 kwa sekunde, ukipiga hesabu inakuja MB 7 na kitu kwa saa, usiku mzima wa masaa kumi haufiki MB 80. Video moja ya dakika chache inakula zaidi ya hiyo. Ata ukiwa ndani ndani huko Seme ama Nyando penye netwaki inashikashika bado inaingia.

Saa ndio uzingatie. Chicago wako nyuma yetu masaa nane wakati wa joto lao na tisa wakati wa baridi, kwa hivyo wakati wa joto lao saa nne usiku ya Ijumaa kwao ni saa kumi na mbili asubuhi Jumamosi kwetu. Hiyo ndio saa yangu, natoka shifti, natengeneza chai, naweka iafoni.

Na nini unaskia? Mara nyingi hakuna sinema. Gari imegonga nguzo. Mzee ameanguka bafuni. Jirani wanapigana juu ya muziki. Mtu ameita polisi juu ya mtu amelala kwa stesheni. Dispatcha, yule mtu wa kontroli anayetuma magari, anaita gari kwa namba ya eneo lake, gari inajibu, anatoa mtaa na shida, anauliza nani mwingine yuko karibu, alafu anarudi kuuliza kama wako sawa. Hiyo ya mwisho ndio nilikaa nikaiskiza sana. Dispatcha mzuri hamwachi askari wake hewani, anamfuata mpaka amjibu, na sauti yake haipandi ata kama ya mwenzake imepanda. Chicago askari akiitisha msaada wa dharura wanasema ten wan, na ukiiskia kitu kizima kinabadilika, kila mtu ananyamaza kuachia njia, na yule mama ama baba kwa kontroli anapanga magari moja moja kama mtu anahesabu pesa ya chama mbele ya wenye chama, polepole na bila kuruka mtu. Nimeskizisha vijana wetu wapya hiyo, nikawaambia hivi ndivyo nataka muongee. Kwa hilo peke yake hii huduma imenilipa.

Sasa shida.

Chicago walianza kufunga redio za polisi kwa enkripsheni, yaani sauti inachanganywa mpaka redio isiyo na ufunguo haiwezi kuielewa, na kufikia mwisho wa 2022 walikuwa wamemaliza. Mtu wa kujitolea na skana yake hashiki kitu tena. Badala yake mji wenyewe ukatoa sauti kwa Broadcastify lakini imechelewa dakika 30. Kwa hivyo bado unaskia, lakini unaskia kitu kimeshapita. Mimi sikulijua hilo mwanzoni mpaka asubuhi moja nikaskia magari yanaitwa mtaa wa karibu na kwa dada, risasi zimeskika. Nikamwandikia mbio, "Dada uko ndani? Funga mlango kuna risasi hapo chini." Akanijibu, "Wuod mama, hiyo imeisha kitambo, ambulansi imeshaenda na watu wameshatoka nje. Sisi wenyewe hatukuskia chochote kwa redio mpaka ikaisha." Yeye anaishi hapo, analipa ushuru hapo, na ile habari ingemwambia asitoke kutupa takataka saa hiyo ilimfikia wakati mmoja na mimi niko Kisumu.

Dakika 30 kwa mwandishi wa gazeti inaeza kumsaidia kidogo. Kwa mama anasubiri mtoto atoke shule ama mtu anafungua duka haina kazi yoyote. Tena kwa mwandishi pia ni shida maana akifika damu imeoshwa, mashahidi wameenda na kilichobaki ni msemaji wa polisi na karatasi yake.

Chicago afadhali wameacha kitu. Denver walifunga 2019. New York ilianza Julai 2023 na vituo vya Brooklyn, kwa mpango wa redio mpya uliotajwa kuwa wa dola milioni 390, na ule mji wapiga picha za habari wameishi na skana vizazi na vizazi. Uingereza walifunga zamani zaidi, walihamia mfumo wa Airwave unaotumia TETRA (aina ya redio za kidijitali) mwanzoni mwa miaka ya 2000 na siku hizi huskii kitu, na ata ungeskia sheria yao ya 2006 inakataza kuskiza mawasiliano ambayo hayakulengwa kwako. Marekani ni tofauti, sheria yao ya serikali kuu ya 1986 inaacha wazi redio za usalama ambazo mtu yeyote anaeza kuzipata, ila ikishafungwa kwa enkripsheni basi hiyo ruhusa haikufaidi tena. Ndio maana huku kufunga ni jambo kubwa hivi. Hakuna bunge linabadilisha sheria kusema wananchi msiskize, fundi anabadilisha mpangilio kwa redio na kesho yake mambo yameisha.

Na ukiangalia ilikotoka utaona vile tumefika mbali. Detroit ndio walifanya redio ya kwanza ya polisi ya kutuma kwa magari ikafanya kazi vizuri, 1928, na wakati huo mtu yeyote na redio yake nyumbani angeeza kuiskia. Mpaka wenye kutoa leseni walikuwa wanawalazimisha kupiga muziki katikati ya matangazo ya wahalifu kwa sababu leseni yenyewe ilikuwa ya stesheni ya burudani. Polisi walianza wakiwa hewani mbele ya kila mtu, kufunga ndio jambo jipya.

Nataka niwe wa haki kwa wanaofunga maana sababu zao nazijua kutoka kwa kiti changu. Ya kwanza ni siri za watu. Askari akisimamisha gari anasoma jina lako lote hewani, tarehe ya kuzaliwa, namba ya leseni, na dispatcha anarudisha kama umewahi kushtakiwa. Mtoto amedhulumiwa, anwani inatajwa. Mtu anataka kujiua, jina linatajwa. Hiyo haifai, mimi nikiwa mteja sitaki. Oktoba 2020 idara ya haki ya California ilitoa waraka ikaambia vituo vyote vilinde hizo data za watu, ama kwa kufunga redio ama kwa kutafuta njia ingine ya kutozitaja hewani. Vituo vingi vikachagua kufunga kwa sababu ndio rahisi.

Lakini skiza Palo Alto, mji wa hukohuko California, walifanya nini. Walifunga Januari 2021, wananchi na waandishi wakapiga kelele, mkuu wa polisi mpya akaingia, na Septemba 2022 wakafungua tena. Waliamua askari wapunguze kusoma habari za mtu hewani, ikibidi watumie simu ama kompyuta ya gari, na kama lazima isemwe basi isemwe kidogo sana. Hakuna mtambo wa ajabu ulinunuliwa, ni nidhamu ya kuongea tu.

Na hapa ndio nasimama na miguu yote miwili kwa sababu hii ndio kazi yangu ya kila siku. Kwetu jina la mteja halitajwi hewani. Kila mteja ana namba, kila lango lina namba, na kama mwenye nyumba amesafiri hilo neno halisemwi kwa redio hata siku moja, unampigia kiongozi wa gari simu. Tulikuwa na redio za analogi ambazo mtu mwingine yeyote mwenye redio ya masafa hayo angetuskia vizuri tu, na tulilinda siri za watu kwa mdomo. Baadaye tukahamia za kidijitali zenye kufungwa, na niwaambie ukweli, nilichokiona ni vijana wanaanza kulegea. Wanafikiri kwa kuwa imefungwa basi wanaeza sema chochote. Meneja alirudisha ile sheria ya namba kwa ukali, na nilimuunga mkono. Kufuli kwa redio inafanya watu waache kuchunga mdomo, na mdomo ndio ulikuwa kufuli ya kwanza.

Tena kufunga kwenyewe kuna shida zake ambazo wauzaji wa redio hawakwambii dukani. Kila redio lazima iwekwe ufunguo, ile namba ya siri ya kufungulia sauti, na ufunguo ukibadilishwa lazima redio zote zibadilishwe, moja ikirukwa yule mtu anaskia mikwaruzo ama haskii kitu kabisa wakati wenzake wanamuita. Kituo cha jirani kikiwa na ufunguo wake tofauti mnakutana kwa moto mmoja hamwezi kuongea. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania walitoa utafiti 2011 kuhusu redio za P25, zile polisi wa Marekani wanatumia, wakaonyesha maafisa wa serikali kuu walikuwa wanaongea mambo nyeti hewani wazi wakidhani wamefunga. Na 2023 wataalamu wa Uholanzi wakatangaza walipata udhaifu kwa TETRA, moja ya zile njia zake za kufunga ilikuwa imepunguzwa nguvu kwa siri mpaka ufunguo wa biti 80 unashuka kuwa biti 32, ambayo kompyuta ya kawaida inaumaliza haraka. Kwa hivyo mwananchi wa kawaida amefungiwa nje kabisa, na yule mhalifu mwenye pesa na wataalamu bado anatafuta mlango.

Sababu ya pili wanayotoa ni usalama wa askari wenyewe, na hiyo siwezi kuipuuza. Aprili 2013 wakati Boston ilikuwa inatafuta walioweka bomu kwa marathoni, watu maelfu kwa maelfu walikuwa wanaskiza skana kwa intaneti na kuandika kila kitu mtandaoni, nyumba gani inapekuliwa, askari wako upande gani. Polisi wa Boston wakaomba watu waache kutangaza mahali askari wako. Na mbaya zaidi jina la kijana asiye na hatia lilienezwa mtandaoni watu wakidai wameliskia kwa skana. Familia ilipitia mambo magumu sana. Kwa hivyo mtu akiniambia operesheni ya kushika mwenye bunduki ifungwe, nitamwambia fungeni, hiyo chaneli iwe yenu peke yenu. Hiyo ni chaneli moja ama mbili, zinajulikana. Lakini ile ya kila siku ya kutuma magari, gari imegonga nguzo na mzee ameanguka, kuna siri gani hapo ya kufungia mji mzima?

Na faida ya kuacha mambo ya polisi wazi ni kubwa. Mei 2020 polisi wa Minneapolis walitoa taarifa ya kwanza kuhusu George Floyd, yule aliyeuawa na askari, wakasema mtu amekufa baada ya tatizo la kiafya wakati wa kukutana na polisi. Ulimwengu ulijua ukweli kwa sababu ya video ya msichana aliyekuwa amesimama hapo na simu. Kwa kesi iliyofuata, dispatcha alisema aliona kwa kamera ya mji hao askari wamemkalia mtu muda mrefu mpaka akafikiri skrini imekwama, akampigia sajini simu kumjulisha. Mimi hiyo sehemu iliniingia sana, mtu wa kontroli kama mimi, yuko mbali, ameona kitu hakiko sawa na amesema. Kazi ya kontroli ni kutuma magari na pia kuwa shahidi. Na shahidi ambaye rekodi yake hakuna mtu anaeza kuipata ni kama hayuko.

Sasa turudi nyumbani.

Kwa Broadcastify hutapata polisi wa Kisumu, wala Nakuru, wala Kakamega, mimi sijaona fidi yoyote ya polisi wa Kenya, na tafadhali usisome hii ukaenda kununua redio ya Kichina mtandaoni ukaanza kuwatafuta. Kutumia mitambo ya redio Kenya kunahitaji leseni ya Mamlaka ya Mawasiliano, kampuni yetu inalipia masafa yake, na kuingilia mawimbi ya polisi ni kujitafutia jela na zaidi ya hapo unaeza kumuumiza askari ambaye anaita msaada. Wakati mtu ananiuliza kwa nini polisi wetu wanahitaji redio zilizofungwa mimi humkumbusha Westgate, Septemba 2013, watu 67 wakafa, na iliripotiwa polisi na wanajeshi waliingia bila mawasiliano ya pamoja mpaka afisa wa Recce, kikosi maalum cha polisi, akauawa kwa risasi za upande wa serikali. Mwaka uliofuata Safaricom wakapewa ule mkataba wa karibu shilingi bilioni 14.9 kujenga mfumo wa mawasiliano na kamera 1,800 kwa Nairobi na Mombasa. Askari waskizane, hilo halina mjadala.

Lakini sisi wa Kisumu tuna swali letu. Agosti 2017 baada ya uchaguzi, polisi waliingia Nyalenda usiku, na mtoto wa miezi sita, Baby Pendo, akapigwa kichwani na akafa siku chache baadaye. Uchunguzi wa mahakama ulilaumu polisi mwaka wa 2019, na 2022 ofisi ya mkurugenzi wa mashtaka ikaidhinisha maafisa washtakiwe kwa uhalifu dhidi ya binadamu. Fikiria hiyo miaka yote. Kitu kigumu kwa kesi kama hizo ni kuonyesha nani alikuwa wapi na nani aliamuru nani. Mimi nimekaa kwa kontroli, najua hayo maswali mawili ndio kila redio ya kutuma magari hujibu usiku mzima, gari fulani uko wapi, nani amekutuma, umefika saa ngapi. Ikirekodiwa na ikihifadhiwa na saa yake, mahakama haianzi na giza. Isiporekodiwa, ama ikirekodiwa alafu ikafutwa, mama anabaki akisema nilichokiona na upande ule mwingine unasema hatukuwa hapo.

Kwa hivyo mimi kwa Kenya siombi skana. Ata Marekani wenyewe wanaipoteza na sisi hatukuwa nayo. Naomba rekodi. Polisi wafunge redio zao wakitaka, lakini kila neno la chaneli ya kawaida lirekodiwe, likae muda unaojulikana kisheria, na raia ama mwandishi ama IPOA, ile mamlaka huru ya kusimamia polisi, akiitisha apewe, majina ya watu yakiwa yametolewa. Jimbo la Colorado huko Marekani walitunga kitu kinaelekea huko 2021, wakasema kituo kikifunga redio zake zote lazima kiwe na utaratibu wa waandishi wa habari kupata. Si kamili, lakini ni sheria, si hisani ya mkubwa fulani.

Na mkisema hapa haiwezekani, sisi tuna msingi kuliko watu wengi. Katiba kifungu cha 35 kinampa kila raia haki ya kupata habari iliyo kwa serikali. Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inasema unaeza kuomba kwa maandishi kwa Kiswahili ama Kiingereza, uchague mwenyewe, na ofisi ikujibu ndani ya siku 21, na kama ni jambo la uhai ama uhuru wa mtu ni masaa 48. Kuomba hakulipiwi, unalipia gharama ya nakala tu. Wakikataa unaenda kwa Tume ya Haki ya Utawala, wale wa Ombudsman. Ni kweli sheria inaruhusu wakatae kwa sababu ya usalama wa nchi ama maisha ya mtu, na polisi hapo ndio watakimbilia, lakini rekodi ya gari ilitumwa mtaa gani saa ngapi miezi sita iliyopita inahatarisha nani? Hapo ndipo mtu anafaa kubishana nao.

Kitu kingine kilinifanya niandike hii ni ile Juni 25, 2025, Mamlaka ya Mawasiliano ilipoagiza runinga na redio ziache kuonyesha maandamano moja kwa moja, na mahakama ikasimamisha hilo agizo. Nilikuwa kazini siku hiyo. Simu za wateja zilikuwa zinaingia zikiuliza barabara gani iko wazi, watoto wako shule, duka lifungwe ama lisifungwe, na sisi tulikuwa tunategemea hizohizo runinga pamoja na magari yetu. Kukata matangazo ya moja kwa moja hakukutuliza mtu yeyote kati ya waliokuwa wananipigia, kulitujazia simu.

Sawa, turudi kwa huduma maana hii ni review.

Kama unataka kuanza, usianze na polisi wa mji mkubwa, utaboeka ama utapata imefungwa. Anza na zimamoto. Zimamoto na ambulansi sehemu nyingi bado ziko wazi, na kwa kujifunza ni bora zaidi maana unaskia kamanda akifika, akieleza anachoona, akiitisha maji, akihesabu watu wake. Alafu tafuta fidi za kaunti ndogo za vijijini, huko polisi, zimamoto na ambulansi wanatumwa na mtu mmoja na unaanza kuwajua kwa sauti. Matukio makubwa yakitokea kumbuka unachoskia ni cha kwanza kwanza, mara nyingi si sahihi, idadi ya waliojeruhiwa inabadilika mara tatu kabla ya nusu saa, kwa hivyo usikimbie kuposti. Jina la mtu ukiliskia liache hapohapo. Mimi nimeweka hiyo kama sheria kwangu na kwa vijana nimewaonyesha hii kitu.

Kiingereza chao ni cha haraka na kuna misimbo mingi kama ile ten wan, lakini RadioReference wana kurasa zinaeleza misimbo ya kila eneo, na baada ya wiki chache maskio yanazoea. Tumia iafoni, spika ya simu inameza maneno. Ukiwa kwa basi usiku ukielekea Nairobi netwaki itakatika hapa na pale kati ya Kericho na Nakuru, na fidi inarudi yenyewe baada ya muda kidogo.

Ya kulipia chukua tu kama wewe ni mwandishi ama mwalimu wa mambo ya usalama na unahitaji rekodi za nyuma. Kwa wengine ya bure inatosha. Mimi nililipia kwa sababu ya vijana wa mafunzo, nilikuwa nataka kurudia dakika fulani mara kwa mara, na hapo hela yangu imefanya kazi. Nikipata fidi nzuri ya zimamoto ambayo haijafungwa nitaiweka linki hapa chini, na kama kuna mtu wa kontroli Eldoret ama Kakamega anaskiza pia anidokeze anaskiza gani.